Moto wa Kuazima

Ukitaka kumtukana mtu wa Reutlingen, kusini mwa Ujerumani, mpaka wajukuu zake wasikie, usihangaike na mama yake. Mwambie ngazi zake zina vumbi.

Gotthilf Wurster alilijua hilo kabla hajaota meno. Alikuwa fundi wa vigae, mtu wa kupapasa sakafu kwa kiganja akakwambia kigae kipi kimeinuka kwa unene wa ukucha. Hakuoa, alisema vigae vinamtosha, na havimwulizi ametoka wapi. Alikaa ghorofa ya pili katika nyumba ya kaya sita, na katika nyumba hiyo, kama katika kila nyumba ya watu wenye kujiheshimu, palikuwa na kibao.

Kibao chenyewe si kitu: kipande cha mbao, kamba, na maneno meusi, WIKI YA UFAGIO. Ila kikishatundikwa kwenye kitasa cha mlango wako, wiki hiyo ngazi ni zako. Ufagie, upige deki, kona kwa kona, mpaka mlango wa chini, na njia ya nje, na kifuniko cha pipa la taka. Jumamosi jioni unakihamishia kwa jirani. Hakuna askari anayesimamia. Wa nini, na macho yapo?

Sasa sikia alichokifanya. Jumamosi moja ya Novemba, miaka kumi na moja iliyopita, kibao kikiwa mlangoni kwake, Gotthilf alitaka kuwahi mpira kwenye televisheni. Hakufagia. Hakupiga deki. Alijaza ndoo maji akanyunyizia ngazi juu ya vumbi lake, kama mchungaji anayebatiza mtoto mchafu, ili atakayepita aone unyevunyevu aseme: Aa, Wurster amefanya kazi. Kisha akashuka kumwaga maji yaliyobaki.

Vumbi kavu ni vumbi. Vumbi lililolowa ni mlenda. Mguu ulitangulia, mtu akafuata, na ngazi tisa akazihesabu kwa uti wa mgongo.

Wa kwanza kutoka alikuwa Bi Rosine Notz wa ghorofa ya chini, mjane, mstaafu wa posta, mama mwenye mikono isiyojua kukaa. "Usijisogeze, Bwana Wurster," alisema, akamtilia mto chini ya kichwa. Halafu, badala ya kulia kama watu, akachukua tambara akaanza kupangusa ngazi. Gotthilf, japo nusu ya roho yake ilikuwa imeshatoka, aliwaza: hawa wanawake wetu, hata wewe ukifa watapangusa kwanza ulipoangukia. Majirani wa juu waliposhuka walimkuta kalala chini, kaikumbatia ndoo kama askari na ngao yake.

"Ameanguka akifanya wiki yake," wakanong'onezana, na wanaume wakavua kofia.

Hivyo ndivyo mvivu alivyogeuka shujaa. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kutundika kibao kwenye mlango wa Wurster. Zamu yake ilipofika, Bi Notz alikichukua mwenyewe bila kuombwa, akapiga magoti mara mbili: mara moja kwa zamu yake, mara moja kwa zamu ya shujaa. Akafikisha miaka sabini na sita akiwa bado magotini.

Mifupa ya Gotthilf ilipona. Maumivu hayakupewa habari. Yalibaki pale kiunoni kama mgeni aliyeambiwa chai tayari, akasikia chumba tayari. Alichomwa sindano, alipakwa matope ya moto, alinyooshwa na vijana wenye mikono baridi. Akiulizwa, kutoka sifuri mpaka kumi unaumwa kiasi gani, alijibu saba. Nane ni majivuno, sita watakurudisha kazini. Mwishowe madaktari walimwonyesha picha: mgongo mzima, safi, kama umenunuliwa jana.

"Maumivu yako ni ya kweli," walimwambia, "ila sasa hayatoki mgongoni. Ubongo umejifunza kuumwa, haujajifunza kuacha."

Aliingiwa na fedheha. Mtu mwenye mgongo mzima anayefagiliwa na kikongwe, huyo anaitwaje? Na yeye alijua lililokuwa baya zaidi: kwamba uongo kweli ulikuwepo, ila haukuwa kwenye mgongo.

Ndipo chuo kikuu cha Tübingen kilipomwita kwenye utafiti. Aliyempokea alikuwa Daktari Merle Petersen, binti mrefu wa kaskazini kabisa, kule pwani ambako, kwa habari zilizofika Reutlingen, watu huajiri kampuni iwafagilie ngazi kisha wanalala usingizi bila kuona haya.

"Tutakuingiza kwenye hili bomba," alisema. "Mashine itaangalia ile sehemu ya ubongo wako inayoshughulika na maumivu. Ikichangamka, utaona moto unapanda kwenye skrini. Ikitulia, moto unashuka. Kazi yako ni kuushusha."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa mawazo, Bwana Wurster."

"Mawazo gani?"

"Yoyote. Kila mtu ana yake. Ukitoka utaniandikia uliwaza nini. Kwanza usome hizi karatasi uweke sahihi."

Karatasi zilikuwa kurasa sita, miwani ilikuwa nyumbani. Aliweka sahihi kwa ile heshima ya mtu anayeamini kwamba kitu kirefu hivyo hakiwezi kuwa na ubaya.

Ndani ya bomba, mashine ilinguruma kama tindo ya umeme inayobomoa bafu. Wagonjwa wengine huogopa. Gotthilf alijiona kazini. Mbele ya macho yake moto mdogo wa kuchorwa ukawaka. Aliwaza pwani, maana watu husema uwaze pwani. Alikwenda pwani mara moja tu, akala mkate wenye mchanga. Moto ukapanda. Akamwaza Mungu. Moto ukapanda zaidi. Akawaza mpira, na hapo ukataka kutoka nje ya skrini.

Akachoka. Akawaza tu leo ni siku gani. Leo Ijumaa. Kibao kiko wapi? Zamu ni yangu. Basi sasa hivi Bi Notz yuko ngazi ya nne, aproni ya buluu, mswaki mkuukuu mkononi, anachokonoa kona, anahema, goti linalia kakaka. Na mimi nimelala hapa chali, nimefunikwa blanketi, sifanyi chochote, kwa jina la sayansi.

Moto ukashuka. Haukushuka kwa haya. Ulishuka kama mtoto aliyesikia fimbo. Ukabaki ulimi mdogo kama wa kiberiti, na kile kiuno, kiuno kilichomkaba miaka kumi na moja, kikaachia.

Gotthilf alishtuka hata akasahau kufurahi. Akamwinua Bi Notz haraka, akamkalisha kwenye kiti cha kuegemea, akampa keki ya plamu. Moto ukapanda. Akamrudisha magotini. Ukashuka. Akamwongezea ndoo. Ukalala. Zilikuwepo mara ambazo haukushuka, na hapo alijilaumu mwenyewe kwamba hakumwinamisha vya kutosha.

Alipotoka alipewa fomu. *Uliwaza nini?* Alikaa na kalamu muda wa kunywa kahawa mbili. Kisha akaandika: *Shamba la mitufaha la babu yangu.*

Babu yake alikuwa mtu wa reli. Hakuwa na mtufaha hata mmoja.

"Shamba la babu!" Daktari Merle alifurahi. "Inapendeza sana. Kuna amani."

"Kuna amani," alisema Gotthilf, akitazama viatu vyake.

Alirudi wiki sita. Kila wiki ile saba yake ya maumivu ilipungua: sita, tano, nne. Na kila wiki aliharibika. Nyumba yao ina ghorofa tatu. Kichwani mwake aliijenga mpaka kumi na mbili, na Bi Notz akazipiga deki zote. Mara ya tano alimnyang'anya hata mswaki, akampa kijiti cha meno. Akitoka humo mgongo mwepesi, uso mzito. Kwenye treni hakukaa karibu na wanawake wazee. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo.

Na jirani yake Bi Notz, Mungu amrehemu angali hai, akazidisha wema. Siku ya Alhamisi aligonga mlango na bakuli la dengu na tambi na soseji mbili juu yake.

"Nimekuona jana unapanda ngazi bila kushika ukuta," alisema. "Nikamwambia Eckle wa ghorofa ya tatu, mtu wetu anapona. Ehe, unawaza nini humo ndani?"

"Matufaha."

"Ya nani?"

"Ya babu."

"Aina gani?"

Kwao kuna majina mengi ya matufaha kuliko majina ya watakatifu. "Mekundu," alisema Gotthilf.

"Mekundu! Muulize fundi wa vigae habari za matunda, atakutajia rangi." Alicheka, akajishika goti alipogeuka. "Basi na mimi nitayajaribu hayo mekundu yako. Haya magoti yangu usiku yananiamsha kama mtoto mchanga. Shamba ni kubwa? Tutaenea wawili?"

"Tutaenea," alisema shujaa, akapokea bakuli bila kumtazama usoni.

Jumamosi ya wiki iliyofuata, asubuhi, alishuka kwenda kununua mkate. Bi Notz alikuwa ameketi ngazi ya nne, ndoo pembeni, mswaki mkononi, macho amefumba, midomo inacheza. Kwenye kitasa cha mlango wake kilining'inia kibao. Zamu ilikuwa ya Wurster.

"Bi Notz? Unaumwa?"

"Usinisemeshe. Nimefika mti wa tatu."

Gotthilf alisimama na mfuko wake wa mkate mtupu. Yule mama alikunja uso, akakaza macho, akahema. Mwisho akayafumbua, na mlikuwa na machozi kidogo ndani yake, ya hasira zaidi kuliko ya kilio.

"Hayashuki, Bwana Wurster. Wiki nzima natembea kwenye hilo shamba la babu yako, nimechuma mpaka kapu limejaa, goti linauma vilevile. Labda ubongo wangu mimi ni mbovu. Marehemu mume wangu alikuwa akisema."

Watu husema mficha maradhi kifo humuumbua. Gotthilf angefurahi kama kingekuja kifo. Alikuja huyu, na mswaki.

"Bi Notz, hakuna matufaha."

"Hayajaiva?"

"Hakuna shamba. Babu alikuwa wa reli."

"Sasa unawaza nini?"

Alitafuta pa kushika, akashika ukuta. "Nakuwaza wewe."

Bi Notz aliweka mswaki chini taratibu. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kwenye nywele, ukalainisha upande mmoja. Uso ulimwiva, mama wa watu, na akaonekana ana miaka hamsini.

"Bwana Wurster," alisema kwa sauti ndogo. "Umri huu?"

Lo! Mtu angeweza kuishia hapo. Ungekuwa uongo wa kumsitiri kila mmoja, na pengine wa kumpatia dengu za kila siku mpaka kaburini. Kwa sekunde tatu nzima Gotthilf aliupima uongo huo kama anavyopima kigae, na sekunde hizo tatu baadaye alizionea haya kuliko yote mengine.

"Siyo hivyo," alisema. "Nakuwaza ukipiga deki. Magotini. Kwenye zamu yangu. Nakuona unahangaika, mimi nimelala, ndipo moto unashuka. Ukipumzika, unapanda."

Mkono ulishuka kwenye nywele. Bi Notz alimtazama, si sana. Akachovya tambara, akalikamua, akapangusa ngazi ya nne, ya tano, ya sita, mpaka ya mwisho, zote, huku yeye amesimama pale. Kisha akaingia kwake akafunga mlango polepole.

Kwao, kutokemewa ndiyo sifa. Mke akipika ukala ukanyamaza, umemsifu. Siku hiyo Gotthilf hakukemewa hata neno moja, na kwa mara ya kwanza maishani alielewa kwamba kuna kunyamaza kwingine.

Wiki tano hakuona dengu. Kiuno kilirudi sita.

Kisha Daktari Merle akamwita kufunga hesabu za utafiti wake. Alikuwa na bahasha mbele yake na uso wa mtu anayetaka kusema jambo kwa adabu.

"Kama ulivyosoma kwenye zile karatasi," alianza, na Gotthilf akaitikia kwa kichwa kwa moyo mkunjufu kabisa, "tulikuwa na makundi mawili. La kwanza waliona moto wa ubongo wao wenyewe. La pili walionyeshwa moto wa mgonjwa mwingine, uliorekodiwa zamani. Wewe ulikuwa la pili."

"Sema tena."

"Moto uliouona haukuwa wako, Bwana Wurster."

"Ningewaza gogo?"

"Ungeshuka pale pale uliposhuka."

"Lakini nilikuwa... nikimwaza hivi unashuka, nikimwaza hivi unapanda!"

"Mtu akitaka kuona, huona. Ukishuka unajisifu, usiposhuka unajilaumu. Wengi wamefanya hivyo."

"Mbona kiuno kiliachia?"

Daktari Merle alitabasamu kwa haya. "Tumefurahi sana. Na hatujui. Ndiyo maana tunaweka kundi la pili."

Gotthilf alitoka mle ndani akielea. Si yeye! Katili alikuwa mtu mwingine, bwege fulani asiye na jina, na moto wake! Kwenye treni alikaa kabisa karibu na mwanamke mzee, akamsalimia. Alifika akagonga mlango wa chini kama mtoza ushuru.

Mlango ulifunguka kiasi cha mnyororo. Jicho moja likatokeza.

"Bi Notz! Moto haukuwa wangu!"

"Moto gani tena?"

"Ule wa kwenye skrini! Ulikuwa wa mgonjwa mwingine. Walinionyesha ubongo wa watu! Mawazo yangu hayakuhusika hata kidogo!"

Jicho lilifikiri. "Na yule bibi aliyepiga magoti humo kichwani, alikuwa wa nani?"

Gotthilf alirudi nyuma hatua moja.

"Moto wa kuazima, Bwana Wurster," alisema Bi Notz. "Mawazo ya nyumbani kwako."

Alitaka kuufunga mlango. Gotthilf, kwa hofu ya mtu anayezama, akashika kamba ile ile ya siku zote. "Bi Notz, miaka yote tunajuana. Mimi mtu wa wiki yangu. Mimi ni mtu aliyeanguka kwenye hizi ngazi akifanya..."

"Ngazi ya saba," alisema Bi Notz.

"Nini?"

"Kona ya kushoto. Kulikuwa na unyoya wa njiwa na jani la mti. Na vumbi lililolowa, kuanzia juu mpaka chini, na ulipoteleza njia yako ilionekana kama ya konokono. Ulimwaga maji tu. Hukufagia hata ngazi moja." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilipangusa kabla hawa wa juu hawajavaa viatu. Nilipomaliza ya tisa, Eckle alikuwa anafungua mlango."

Gotthilf alihisi vigae vikimkimbia chini ya miguu. Miaka kumi na moja alikuwa ameficha kitu ndani ya mfuko uliotoboka, na aliyetembea nyuma yake akiokota alikuwa huyu.

"Ulijua," alisema. "Na zamu zangu ukazifanya."

"Ulikuwa umeshavunjika mgongo. Nikuvunje na jina?"

Nje mtu alipita na baiskeli. Gotthilf alitazama kitasa cha mlango ule. Kibao kilikuwa pale, na wiki ilikuwa yake, kama ilivyokuwa kila mara.

"Nipe hicho," alisema.

"Una kiuno."

"Una magoti."

Alipanda kwake akishika ukuta. Aliporudi alikuwa amevaa kinga za magoti za ufundi wake, zile ambazo hazijavaliwa tangu aanguke, na amebeba ufagio, ndoo na sabuni. Alianzia juu. Alifagia, akapiga deki, akakamua, na kila alipoinama mwili ulimsomea mashtaka yake. Bi Notz alitoa kiti akakiweka chini kabisa, mahali pa kuona vizuri.

"Kona," alisema.

Akachokonoa kona.

Ndipo Eckle wa ghorofa ya tatu alipoingia na mfuko wa mikate, akasimama, akavua kofia. "Jamani! Wurster! Baada ya yote ziliyokufanyia hizi ngazi, unarudi tena vitani?"

Gotthilf alimtazama Bi Notz. Bi Notz alikuwa akitazama kucha zake. Hakuwa na nia ya kusaidia, wala ya kushtaki.

"Siku ile sikufagia, Eckle," alisema Gotthilf kutoka magotini. "Nililowesha tu, nikakimbilia mpira. Nikateleza kwa uchafu wangu."

Eckle akairudisha kofia kichwani. Akapanda kwa uangalifu, akishika reli, akikanyaga pakavu tu. Kabla hajafika ghorofa ya pili, milango miwili ilifunguka juu, na minong'ono ikaanza.

Gotthilf aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto, na huu ulikuwa wake. Akashuka mpaka ngazi ya saba, akachukua mswaki mkuukuu, akauingiza kona ya kushoto.

"Ndani zaidi," alisema Bi Notz.

Akaingiza ndani zaidi. Kiuno kilisema saba, kikasema nane bila kuona ni majivuno. Kule chini kiti cha Bi Notz kililia, na yule mama akanyoosha miguu yote miwili mbele, taratibu, kwa mshangao.

"Ajabu," alisema. "Goti la kushoto limenyamaza."